Mlio wa Kioo Tulioupuuza



Wasomaji wetu wapenzi, akina mama na akina baba, juma hili naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo aghalabu tunaliachia mafundi: vioo vya umeme vya gari. Huenda mtu akauliza, vipi kioo cha gari kimeingia katika ukurasa wa familia? Nisomeni hadi mwisho, kisha mtanihukumu.

Wengi wetu hapa Pwani tuna jamaa ambao riziki yao iko bara, na mume wangu ni mmoja wao. Msimu wa maembe huenda Makueni; zinapovunwa ndengu huenda Kitui. Njia yake ni ile ya Voi na Mtito Andei hadi Kibwezi, kisha huiacha barabara kuu akashika ya Ikutha, Mutomo na Kitui mjini. Barabara hizo ni za lami, lakini maembe na ndengu hazioti kando ya lami. Mnunuzi sharti aingie mashambani, katika vijia vya udongo mwekundu, na wakati wa kiangazi vumbi la huko ni laini mfano wa unga. Hupenya kwenye mizigo, kwenye nguo na kwenye kila upenyo wa gari.

Pikapu yetu si mpya. Mwaka jana kioo cha upande wa abiria kilianza kulia. Kwanza ulikuwa mlio mwembamba, kama wa kiatu kipya msikitini, tukacheka. Baadaye kikawa kizito kupanda. Fundi mmoja wa mjini kwetu alitwambia mota imekufa, akataja bei iliyotufanya tuahirishe. Tukajizoeza njia yetu: mmoja abonyeze swichi, mwingine akisaidie kioo kwa viganja vyake. Hatukuona ubaya wowote katika hilo.

Mwanetu mdogo, mwenye miaka minne, alikuwa akituona.

Wakati wa likizo tulifuatana na baba yao hadi Kitui. Siku moja alasiri tulisimama kwenye shamba moja mbele ya Mutomo. Mume wangu alikuwa nje akihesabu magunia, nami nimempakata mtoto. Upepo ukavuma na vumbi, nikabonyeza swichi nifunge kioo. Mtoto akanyanyuka upesi, akaweka vidole vyake ukingoni mwa kioo akisaidie kupanda, kama alivyomwona baba yake akifanya. Siku hiyo kioo hakikusita. Kilipanda, kikambana vidole vinne.

Nilibonyeza swichi ya kushusha. Kioo kikalia mlio wake ule ule, kisha kikagoma. Mume wangu na mpakiaji mmoja wa magunia walikuja mbio, wakakikandamiza kwa viganja na kukivuta chini hadi vidole vikatoka. Tulimkimbiza zahanati, na baadaye akapigwa picha ya mifupa. Alhamdulillahi, hapakuvunjika kitu. Kucha mbili ziligeuka nyeusi na zikabanduka. Usiku ule mtoto aliniuliza, "Mama, nimekosea?" Sikuwa na jawabu la kumpa ila kumwambia kwamba waliokosea ni sisi.

Kesho yake tulipata fundi mzee, mwenye banda dogo kando ya njia. Alikishusha kioo, akakipandisha, akasikiliza. Kisha akasema, "Mama, mota hii haina kosa. Imechoka kubeba vumbi."

Akatueleza, na maelezo yake ndiyo niliyotaka kuwafikishia. Kioo cha gari hupanda ndani ya mfereji wa mpira uliozunguka fremu ya dirisha. Mpira ule ukijaa vumbi au ukikauka kwa jua, hukibana kioo, na hapo ndipo mlio unapozaliwa. Mota hulazimika kuvuta kwa nguvu zaidi na hupata joto. Mota nyingi zina kinga: zikipata joto kupita kiasi hujizima, kisha baada ya kupoa huamka tena. Hiyo ndiyo sababu kioo hugoma leo na kutii kesho, nasi tukadhani kimepona.

Tiba yake ya mwanzo haihitaji hata spana. Osha kioo pande zote mbili. Kishushe chini kabisa. Chukua kitambaa safi chenye unyevu, kizungushie kijiti bapa, upitishe ndani ya mfereji wa mpira kutoka juu hadi chini. Kitambaa kitatoka chekundu. Rudia kwa kitambaa kingine mpaka kitoke safi, kisha uache mfereji ukauke. Baada ya hapo pulizia dawa ya silikoni, ile ya kopo inayouzwa katika maduka ya vipuri, kidogo tu ndani ya mfereji. Pandisha na ushushe kioo mara kadhaa ili dawa ienee, na ufute iliyobaki juu ya kioo isije ikakutia ukungu machoni usiku.

Fundi alitukanya jambo moja: tusitumie mafuta ya kupikia, wala ya injini, wala grisi kwenye mpira. Mafuta ya injini na grisi huweza kuufanya mpira uvimbe na kulegea; na mafuta yote hayo hushika vumbi, hata mfereji ukawa na tope la kusaga kioo. Wengi hupaka mafuta, mlio ukatulia siku mbili, kisha ukarudi mkali kuliko wa kwanza.

Ikiwa mfereji ni safi na kioo bado kinalia, au unasikia mgongano na mkatiko ndani ya mlango, basi tatizo liko kwenye mashine inayokiinua, na hapo mwachie fundi. Atang'oa waya wa betri kwanza, kisha afungue jalada la mlango. Nawe msimamie mambo mawili. Karatasi ya nailoni iliyo nyuma ya jalada irudishwe na kugandishwa vizuri, kwani ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari. Na vitundu vilivyo chini ya mlango vizibuliwe. Vikizibwa na vumbi, maji hukaa ndani na mlango huoza kwa kutu.

Gharama yote ya siku ile haikufika robo ya bei ya gunia moja la ndengu.

Sasa nirudi kwa watoto, maana wao ndio sababu ya barua hii. Magari mengi yana kitufe upande wa dereva kinachofunga swichi za madirisha mengine. Kitafuteni leo, mkijue, na mkitumie kila mtoto anapopanda. Angalieni pia aina ya swichi zenu. Kuna zile ambazo hata goti la mtoto aliyeegemea huweza kuzibonyeza na kioo kikapanda. Huko Marekani sheria ilikwisha kuwalazimisha watengenezaji waweke swichi zisizofunga kioo kwa kuegemewa, lakini magari mengi tunayonunua yaliyokwisha kutumika ni ya zamani. Kabla ya kufunga kioo, tazama mikono yote iko wapi, na useme kwa sauti, "Tunafunga." Na ufunguo usiachwe garini pamoja na mtoto, hata kwa dakika moja.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mlio ule ulituonya kwa miezi, nasi tukaufanya kichekesho. Kibaya zaidi, tulimfundisha mtoto kutia vidole mahali pa hatari, naye akajifunza kwa utiifu.

Kucha zake zimeota tena. Kioo sasa hupanda kimya. Lakini yeye, kila anaponiona nagusa swichi, huificha mikono yake kwapani na kuningoja nimwambie tumemaliza.