Nani kakupangia folda zako?

Leo naomba niandike juu ya jambo dogo. Ni dogo kiasi kwamba nilipomweleza rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye Mlimani, alicheka akaniuliza kama nimeishiwa mada. Sijaishiwa, ndugu msomaji. Jambo lenyewe ni kile kisanduku kinachochomoza kwenye kompyuta unapotaka kufungua faili, kulihifadhi, au kuambatanisha picha kwenye barua pepe. Unakiona mara kumi, ishirini kwa siku. Umewahi kujiuliza ni nani aliyeamua kikuonyeshe mafaili yako namna kinavyokuonyesha?

Mimi sikuwahi. Mpaka siku nilipomfanya mzee wa watu kuwa mwizi.

Ilikuwa hivi. Nilitoka mahakamani na picha kama 60 kwenye kamera. Wapiga picha wetu ni wachache, kwa hiyo mara nyingi unaandika mwenyewe na kupiga picha mwenyewe. Habari ilihusu mtu aliyeshitakiwa kwa wizi wa fedha za chama cha akiba na mikopo. Ilikuwa saa 11 na nusu jioni, kurasa zinafungwa saa 12, mhariri kasimama nyuma yangu kama abiria anayesubiri chenji yake. Nikabofya kuambatanisha. Kisanduku kikafunguka. Humo ndani hamna picha hata moja, ni majina matupu: DSC_0411, DSC_0412, DSC_0413, na kuendelea mpaka macho yanauma. Namba ya picha niliyoitaka niliikumbuka kichwani. Niliikumbuka vibaya. Nilichukua 0421 badala ya 0412, nikatuma, nikaenda kunywa chai.

Mhariri hakuwepo mahakamani. Msanifu kurasa hakuwepo pia. Sura ya mtuhumiwa niliijua mimi peke yangu.

Asubuhi gazeti likatoka. Juu ya maelezo yanayomtaja mtuhumiwa kulikuwa na picha ya mzee aliyekuja mahakamani siku ile kufuatilia kesi ya kiwanja chake. Saa 4 alikuwa mapokezi, gazeti kalikunja kwapani. Nilishuka nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Aliitikia, pamoja na yote. Kisha akalikunjua gazeti, akaweka kidole juu ya sura yake, akasema, "Nimepanda daladala na watu wanaolisoma hili. Sasa nieleze, nikirudi mtaani niwaambie nini?"

Sikuwa na jibu. Tuliomba radhi siku iliyofuata, chini ya ukurasa wa 2, maneno kama 40 hivi. Picha yake tuliitoa kwa upana wa safu nne. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe.

Kosa ni langu, na sitaki mtu adhani nimekuja hapa kulitupia kompyuta. Mhariri aliniambia kwamba mwandishi makini huifungua picha akaitazama kabla ya kuituma, na yuko sahihi. Tangu siku ile nafanya hivyo. Lakini swali moja lilinikalia kichwani. Folda ile ile nikiifungua kwa njia ya kawaida, picha zote zinaonekana vizuri, maana nilishaipanga hivyo siku nyingi. Kwa nini kisanduku kilinionyesha majina?

Nikaanza kuchimba. Kumbe Windows ina kumbukumbu mbili. Namna unavyoipanga folda kwenye dirisha la kawaida inahifadhiwa mahali pake, na namna inavyoonekana ndani ya kisanduku cha kuchagulia faili inahifadhiwa mahali pengine. Ukipanga huku, kule hakuna habari. Isitoshe, Windows hukisia kila folda ni ya aina gani kwa kuangalia kilichomo: ya kawaida, ya nyaraka, ya picha, ya muziki au ya video. Mimi huweka picha, sauti za mahojiano na maandishi ya habari moja kwenye folda moja. Windows ikaihesabu folda yangu kuwa ya kawaida, na folda ya kawaida huonyeshwa kwa mistari: jina, tarehe, aina, ukubwa. Sura za watu hazimo.

Na tusidhani ni tatizo la juzi. Windows XP iliyotoka mwaka 2001 ilikuwa na kisanduku kilichorudi kwenye orodha ya majina karibu kila ulipokifungua, hata kama ulikibadilisha dakika tano zilizopita. Windows Vista ilipoanza kuuzwa kwa umma mwaka 2007 ilileta kisanduku kipya chenye kumbukumbu bora zaidi. Upande wa Linux nako mambo hayakuwa mepesi. Kwenye GTK, maktaba ambayo programu nyingi za huko zinaitegemea, ombi la kutaka vijipicha ndani ya kisanduku liliwasilishwa mwaka 2004. Kisanduku chenye kuonyesha vijipicha katika safu kilikuja na toleo la 4.10, mwaka 2023. Mtoto aliyezaliwa ombi lilipotolewa alikuwa ameshamaliza kidato cha nne!

Utasema, sawa, lakini hiyo ni adha tu. Hapana. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilisambaa kutoka Ufilipino na kuingia kwenye mamilioni ya kompyuta duniani. Kilikuja kama barua ya mapenzi, faili linaloitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Zile herufi tatu za mwisho, vbs, ndizo zilizoonyesha kwamba si barua bali ni programu. Na Windows, kwa mpangilio wake wa kiwandani, ilizificha. Watu waliona TXT, wakadhani ni maandishi ya kawaida, wakabofya. Mpangilio ule wa kuficha herufi za mwisho bado ndio unaokuja na Windows 11 unayoinunua leo.

Hoja yangu ni hii: mpangilio wa kiwandani ni uamuzi. Kuna mtu alikaa mezani, mbali sana na chumba chetu cha habari, akaamua mimi nione nini na nisione nini. Hakuwa na nia mbaya. Hakunijua tu. Na sisi tunauchukua uamuzi wake kana kwamba umeshuka kutoka mbinguni.

Mwaka 2003 watafiti wawili, Eric Johnson na Daniel Goldstein, walichapisha kwenye jarida la Science makala kuhusu watu wanaokubali viungo vyao vitumike kuokoa wengine baada ya kufa. Ujerumani, ambako ilibidi mtu ajitokeze kukubali, waliokubali walikuwa asilimia 12. Austria, ambako kila mtu alihesabiwa amekubali mpaka akatae, walikuwa zaidi ya asilimia 99. Nchi hizo ni majirani na zinaongea lugha moja. Kilichotofautiana sana ni jibu lililowekwa kabla mtu hajasema neno. Kama mpangilio wa mwanzo unaweza kuamua jambo zito kiasi hicho, utashindwaje kuamua picha gani inakwenda ukurasa wa 3?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi ndio tunaoitwa wasomi. Tuna digrii. Tunajua kubishana kuhusu katiba mpaka usiku wa manane, lakini kompyuta tunayoikalia saa nane kwa siku tunaitumia kama nyumba ya kupanga: kitanda kiko pale alipokiacha mpangaji aliyetangulia, na hatuthubutu kukisogeza. Ukimwuliza mtu kwa nini anahangaika na orodha ile, anakujibu, "Ndivyo ilivyo." Nani kasema?

Basi, haya ndiyo niliyoyafanya mimi. Hayahitaji fundi.

Kwanza, ukiwa ndani ya kisanduku chenyewe, bofya kile kitufe cha mwonekano kilicho juu upande wa kulia, uchague "Large icons" kwa folda ya picha au "Details" kwa folda ya maandishi. Njia ya mkato ni kushikilia Ctrl huku ukizungusha gurudumu la kipanya. Kwa maandishi, panga kwa tarehe, toleo la mwisho likae juu. Wangapi tumeshatuma rasimu ya jana tukidhani ni ya leo?

Pili, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nenda "Properties", kisha "Customize", uiambie Windows kwamba hii ni folda ya picha. Usiiachie ikisie.

Tatu, ukitumia "Apply to Folders" ujue kwamba inabadilisha folda za aina ile ile tu, tena kwenye madirisha ya kawaida. Kisanduku unakipanga mwenyewe, huko huko ndani yake.

Nne, ruhusu herufi za mwisho za majina ya mafaili zionekane. Leo, si kesho.

Tano, picha zipe majina. Dakika mbili za kuandika "mtuhumiwa-mlangoni" ni nafuu kuliko dakika mbili mbele ya yule mzee.

Na kwa wenye ofisi nina ombi moja. Mipangilio hii huhifadhiwa kwa kila mtumiaji peke yake. Pale ambapo waandishi sita wanaingia kwa jina moja na nywila moja iliyobandikwa kwenye kioo, kila mmoja anamvurugia mwenzake. Mpeni kila mtu jina lake la kuingilia. Ni bure.

Mzee yule sikumwona tena. Alipoondoka alinipa mkono, akasema, "Siku nyingine angalia vizuri, mwanangu." Nimekuwa nikilifikiria neno lake. Kuangalia vizuri ni kazi yangu, sitaikwepa. Ila kwanza ilibidi nihakikishe kwamba kuna kitu cha kuangalia.

Leo kabla hujazima kompyuta yako, fungua kile kisanduku ukitazame. Ukikuta hukukipanga wewe, jua kuna mwingine kakupangia.