Usimwache Mkeo Chini ya Mlima

Jumamosi iliyopita, kwenye harusi moja Mbezi Beach, mshereheshaji alizima muziki ili atangaze jambo aliloliona kubwa kuliko ndoa yenyewe. Maharusi, alisema, hawaendi Zanzibar kama watu wengine. Wanakwenda Courchevel, Ufaransa, kwenye theluji, wanakokwenda matajiri wa dunia. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Mzee mmoja niliyekaa naye meza moja akaniinamia na kuniambia kwa uhakika wote: "Mwanangu, hiyo ndiyo fungate. Ukishaamua kwenda kwenye theluji, nenda penye jina."

Kwa heshima ya umri wake nilinyamaza. Lakini siwezi kunyamaza gazetini, maana maneno hayo nayasikia kila mahali siku hizi: kwa mawakala wa safari, redioni, na kwa vijana wetu wenye uwezo ambao Zanzibar wameshaizoea. Wote wanaamini kwamba kijiji cha skii kinachofaa kwa fungate ni kile chenye jina kubwa, mlima mrefu na miteremko isiyohesabika. Imani hiyo ni potofu, na inaharibu fungate za watu. Sina ugomvi na theluji. Nimeishi Innsbruck, Austria, na naijua raha ya asubuhi ya Januari milimani. Ugomvi wangu ni na namna tunavyochagua.

Fungate ni ya watu wawili. Nitalirudia hilo mpaka lieleweke. Mahali panapowatenganisha maharusi kuanzia asubuhi mpaka jioni hapafai kwa fungate, hata pawe na hoteli ya dhahabu.

Kwa asiyejua, mambo huwa hivi. Miteremko ya skii hupewa rangi kwa kadiri ya ugumu wake. Ufaransa huanza na kijani, ikafuata buluu, nyekundu, na mwisho nyeusi. Austria na Uswisi huanza na buluu. Anayevaa skii kwa mara ya kwanza hapelekwi juu. Anabaki kwenye uwanja wa wanaoanza, mara nyingi chini kabisa, pamoja na watoto wa miaka mitano, akijifunza kukutanisha ncha za skii ili apunguze kasi na kusimama. Viatu ni vizito, vigumu, vinabana mpaka kwenye muundi. Anaanguka, anainuliwa, anaanguka tena. Mwenzake anayejua skii wakati huo yuko kwenye lifti ya viti, anapanda kilele cha pili au cha tatu. Na lifti nyingi za viti hazimchukui mtu asiyevaa skii, kwa hiyo hata kukutana kwa chakula cha mchana huko juu ni taabu.

Nililiona hilo kwa macho yangu. Nikiwa Innsbruck walikuja maharusi kutoka nyumbani. Bwana harusi alikuwa amesoma Norway na anateleza vizuri. Bibi harusi ni binti wa Tanga, hajawahi kuona theluji ila kwenye televisheni. Wakachagua kijiji chenye jina kubwa kwa sababu bwana harusi alisikia kwamba wanaume wa kweli huenda huko. Kila asubuhi alipanda mlimani na rafiki zake wa zamani wa chuo, akarudi jua likizama, amechoka, ana njaa na ana hadithi nyingi. Mke alibaki na mwalimu asiyejua Kiswahili, Kiingereza chake cha kuunga. Mchana mmoja simu yangu ikalia: "Kaka, nipo peke yangu huku." Alipanda treni akaja kwetu, mke wangu akampikia pilau, akala huku machozi yanamtoka. Hiyo ndiyo fungate yenye jina, na mahari ililipwa kwa ajili yake.

Watetezi wa majina wana jibu lao: atajifunza, wiki moja inatosha. Wiki moja! Hebu tumkumbuke Philip Boit wa Kenya. Mkimbiaji kamili, mapafu ya Bonde la Ufa, alipelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza skii za masafa, zile za kusukuma kwenye ardhi tambarare na vilima vidogo. Februari 1998 akashindana kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, na ushujaa wake ulimgusa bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, hadi akamsubiri kwenye mstari wa kumalizia amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Namheshimu Boit kuliko wanariadha wengi. Lakini kama mwanariadha wa taifa alijifua kwa muda wote ule na bado akawa wa mwisho, ni muujiza gani utakaompandisha bibi harusi wa Tanga kilele cha Alps kwa asubuhi tano? Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018, alizaliwa Kilifi, ni kweli. Lakini alihamia Austria angali mtoto mdogo, akakulia kwenye theluji. Skii huingia mwilini utotoni au kwa miaka ya subira. Haiingii kwa vocha ya zawadi ya harusi.

Sasa tuzungumze hizo kilomita wanazojivunia. Courchevel iko kwenye eneo la Les Trois Vallées, lenye kilomita 600 za miteremko iliyounganishwa. Mawakala hulitaja wakikodoa macho. Kilomita 600 ni zaidi ya barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Moshi. Anayeanza atazitumia wapi? Kwa wiki nzima atapanda na kushuka kipande kilekile cha mita mia chache, ilhali bei ya kila kitu kijijini imepangwa kwa ajili ya anayezitaka zote. Mchagua nazi hupata koroma, na koroma hili linalipiwa kwa euro.

Na majina yenyewe yametoka wapi? Inasimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli wa St. Moritz, Uswisi, Johannes Badrutt, aliwaahidi wageni wake Waingereza, waliozoea kuja majira ya joto tu, kwamba wakija wakati wa baridi na wasifurahie atawalipia gharama za safari. Wakaja, wakafurahia, na biashara ikaanza. Courchevel ilianza kujengwa mwaka 1946, mara baada ya vita, kwa mpango wa mkoa wa Savoie. Chamonix, nayo ya Ufaransa, ilipewa umaarufu na wapanda mlima Mont Blanc, kisha na Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924, na hadi leo miteremko yake imetawanyika bondeni, watu wanahama kutoka mmoja hadi mwingine kwa basi. Hakuna hata kimoja kati ya vijiji hivyo kilichopata jina lake kwa kuwatunza watu wawili waliooana juzi. Vilipata majina kwa mashindano, kwa matajiri na kwa matangazo. Wewe unaoa au unashindana?

Kuna pia wanaosema uende juu kabisa ili uwe na uhakika wa theluji. Wanakutajia Val Thorens, mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kijiji cha skii kilicho juu kuliko vyote Ulaya. Theluji ipo, sikatai. Miti hakuna, umekwishapita mahali miti inapoota. Na mtu aliyelala jana Kigamboni, mawimbi yakimpigia dirishani, leo analazwa kwenye kimo hicho. Wapo wanaoumwa kichwa na kukosa usingizi huko. Usiku wa fungate wa kumeza panadoli!

Lakini hoja inayoniudhi kuliko zote ni ya picha. Kijana mmoja msomi aliniambia kwamba picha ya Courchevel "inaongea". Inaongea nini? Theluji ni nyeupe Ufaransa, ni nyeupe Austria, ni nyeupe Uswisi. Ukishavaa kofia ngumu, miwani mikubwa na skafu hadi puani, hata mama yako mzazi hatakutambua, seuze mlima ulio nyuma yako. Mtu anakopa mamilioni ili awathibitishie watu wa kundi la WhatsApp kwamba mandhari nyeupe iliyo nyuma yake ni ya bei ghali.

Na kwa kuwa nimetaja mamilioni, niseme na la michango. Tumefika mahali kamati ya harusi inakupigia simu kazini, inakuwekea kiwango, inakukumbusha kama mdaiwa wa benki, na baadaye unasikia ukumbini kwamba sehemu ya fedha hizo ni "mfuko wa fungate". Nilichanga ili wageni wale wanywe na vijana waanze maisha. Sikuchanga ili bwana harusi akapate nafasi ya kumkimbia mkewe mlimani. Mchango wa fungate ukome. Mwenye kutaka theluji ajilipie.

Mawakala nao wanabeba lawama. Wanamuuzia mtu hoteli kabla hawajamwambia kuhusu viza. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hurudishiwi. Lazima uwe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na bima nyingi za kawaida hazigusi ajali za skii mpaka uongeze kipengele cha michezo ya majira ya baridi. Wakala anayekwambia jina la kijiji kabla ya kukuuliza kama mwenzako amewahi kuvaa skii si wakala, ni dalali.

Basi twende wapi? Nina kanuni moja tu: chagua kwa kumfuata anayejua kidogo. Kijiji kinachomfaa yeye kitawafaa wote wawili. Kinachomfaa anayejua kitamfaa peke yake.

Kwa kanuni hiyo, Wengen ya Uswisi inaishinda Courchevel bila jasho. Iko mita 1,274, haina magari, na unafika kwa treni ya meno kutoka Lauterbrunnen. Treni hiyohiyo inaendelea hadi Kleine Scheidegg, mita 2,061, chini ya ukuta wa mlima Eiger. Ndani yake mtu mwenye skii na mtu mwenye viatu vya kutembelea wanakaa kiti kimoja, wanashuka kituo kimoja, wanakunywa chokoleti ya moto meza moja. Anayetaka kuteleza anateleza, anayetaka kutembea anatembea, na mchana wako pamoja. Hilo ndilo jambo ambalo kilomita 600 haziwezi kulinunua.

Seefeld ya Austria, muda mfupi kwa treni kutoka Innsbruck, ni nzuri zaidi kwa wote wawili wasiojua. Ni uwanda ulio kwenye kimo cha mita kama 1,200, na ndiko zilikofanyika mbio za skii za masafa wakati wa Olimpiki za Innsbruck za 1964 na 1976. Boit alikuwa anashindana. Nyinyi mtatembea na skii zenu polepole kwenye tambarare, mkianguka mnaanguka pamoja na kucheka pamoja. Kuna njia za kutembea kwenye theluji na magari ya farasi. Alpbach nayo, kijiji cha nyumba za mbao huko Tirol, kilitajwa mwaka 1983 kuwa kijiji kizuri kuliko vyote Austria, na wangapi kati ya waliopiga vigelegele Mbezi Beach wamewahi kukisikia?

Msiende katikati ya Februari. Shule za Ulaya hufungwa kwa zamu wiki hizo, foleni za lifti hurefuka na bei hupanda. Nusu ya pili ya Januari ina utulivu, Machi ina jua na siku ndefu. Na dada zangu, kaka zangu, msidanganywe kwamba ngozi nyeusi haiungui huko. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale mikali ya jua, na miale hiyo huzidi kadiri unavyopanda. Pakeni mafuta ya kukinga jua, vaeni miwani.

Na kama hamjui hata kidogo kama mchezo huu mtaupenda, kabla ya kulipa Ulaya jaribuni Dubai. Uwanja wa skii ulio ndani ya Mall of the Emirates upo tangu 2005, una mteremko wa mita 400, na nguo za baridi unakodishiwa palepale. Ndugu zetu wa Muscat wanafika kwa gari. Saa mbili za humo zitawaambia ukweli ambao wakala hatawaambia: nani anapenda, nani anaogopa, na kama mnaweza kufundishana bila kugombana.

Kwa hiyo, wewe bwana harusi mtarajiwa unayejua skii, nakuomba jambo moja. Kabla hujalipa, mkalishe mchumba wako, muulize anachotaka kukiona, anachokiogopa, na saa ngapi za mchana anataka kuwa nawe. Majibu yake ndiyo yachague kijiji. Kama jibu lake ni kwamba hataki theluji kabisa, basi boti ya Zanzibar inaondoka Dar es Salaam kila siku.