Mnanunua Jaketi, Historia Mnaiacha Dukani

Ndugu zangu, kuna watu wanaolipa zaidi ya pauni 1,000 kwa jaketi moja kuukuu. Sitanii. Linaitwa Denison, jaketi la askari wa miavuli wa Uingereza wa Vita Kuu ya Pili. Lina mabaka ya kijani na kahawia yaliyopakwa kama kwa brashi. Nyuma lina kipande cha kitambaa kinachopitishwa katikati ya miguu na kufungwa mbele, ili lisipande hadi kwapani askari anaporuka kutoka kwenye ndege.

Sina ugomvi na anayekusanya vitu vya kale. Ugomvi wangu ni na huu ujanja wa kukumbuka nusu.

Waulize wakusanyaji wa Ulaya lilivaliwa wapi. Watakutajia Normandy na Arnhem, 1944, mpaka uchoke. Sawa, ni kweli, wajivunie. Lakini jaketi hilo halikustaafu mwaka 1945. Askari wa miavuli wa Ubelgiji waliendelea kuvaa la mtindo uleule, na alfajiri ya Novemba 24, 1964 waliruka nalo juu ya Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, kutoka kwenye ndege za kijeshi za Marekani. Majaketi hayo ya Kibelgiji nayo yanakusanywa.

Chini walikuwepo nani? Walikuwepo waasi wa Simba waliouteka mji tangu Agosti, mateka wa kigeni, na wakazi wenyewe, wengi wao wakizungumza Kiswahili kama mimi na wewe. Tuwe wakweli: Simba walikuwa wameshawaua Wakongo wenzao wengi, na asubuhi ile waliwamiminia mateka risasi. Askari wale waliokoa maisha ya watu wengi, hilo silipingi. Ila baada ya siku chache waliondoka, wakawaacha Wakongo mikononi mwa mamluki na jeshi la serikali. Mauaji yakaendelea.

Hayo nayo yamo ndani ya jaketi.

Ukiwaambia hivyo, wanakujibu: "Ni nguo tu." Eti nguo tu! Hebu tulipime jibu hilo. Kama ni nguo tu, nakala mpya zipo, tena kwa bei ya chini sana. Kwa nini hamzitaki? Kwa nini mnakagua zipu, mnatafuta jina la Newey kwenye vifungo vya kubana, mnakodolea macho namba ya askari iliyofifia? Ni kwa sababu hamnunui kitambaa. Mnanunua aliyelivaa na mahali alipokwenda nalo. Basi anayenunua historia na ainunue yote, pamoja na watu waliokuwa chini wakitazama miavuli ikishuka.

Na sisi vijana wa huku tusidhani hayatuhusu. Nusu inayoachwa ni yetu.

Kwa hiyo, ninyi mnaouza na mnaokusanya, kwenye kikaratasi cha jaketi la Kibelgiji msituandikie "lilitumika Afrika". Afrika ni kubwa. Andikeni Kisangani, andikeni 1964, andikeni na Wakongo waliobaki. Hata mnunuzi wa mitumba pale Karume huigeuza nguo ndani nje kabla hajatoa hela. Nanyi geuzeni.