Udhuru wa Daftari Lisilofutika

Imeenea miongoni mwa mabingwa wa kompyuta, na kwa masikitiko hata miongoni mwa wanasheria, itikadi kwamba blokucheni, yaani daftari la kidijitali ambalo nakala zake hukaa katika kompyuta nyingi na kila ukurasa wake hufungamanishwa kwa hesabu na ule uliotangulia, haiwezi kwa tabia yake kufuta neno lililokwisha kuandikwa. Na madhali haiwezi, basi sheria za faragha, ambazo humpa mtu haki ya kudai taarifa zake zisahihishwe au zifutwe, zimepitwa na zama na hazina budi kulegezwa. Naikataa itikadi hii tangu msingi wake, kwa sababu inauvika uamuzi wa binadamu joho la kudura.

Ithibati imetolewa na wenye daftari wenyewe. Mwezi Juni 2016 mtu alitumia kasoro iliyokuwamo katika programu ya mfuko wa uwekezaji ulioitwa The DAO, uliojengwa juu ya blokucheni ya Ethereum, akahamisha etha, yaani sarafu ya blokucheni hiyo, zipatazo milioni 3.6. Kwa kanuni iliyokuwa ikihubiriwa, lililoandikwa lilikuwa limekwisha. Lakini safari hii mali ilikuwa yao, na mnamo 20 Julai, baada ya majuma ya mabishano makali, walio wengi walibadili programu zao ili fedha zirudi mahali ambapo wenyewe wangeweza kuzichukua, ilhali wachache waliokataa wakabaki na daftari la awali, ambalo hata leo huitwa Ethereum Classic. Najua nitajibiwa kwamba kumbukumbu za tukio lile hazikufutwa, bali athari yake tu ndiyo iliyotanguliwa. Ni kweli, lakini watu walioweza kuafikiana kutangua athari ya muamala kwa ajili ya fedha zao hawana uso wa kumwambia mgonjwa, ambaye maradhi yake yameandikwa humo bila ridhaa yake, kwamba mashine haikubali.

Wakibanwa hapo hukimbilia heshi, ule msururu wa herufi na tarakimu upatikanao kwa kuipitisha taarifa katika hesabu isiyorudi nyuma, wakadai kwamba kilichogeuzwa hivyo si taarifa binafsi tena. Chukua namba ya simu ya Kenya inayoanza na 07: zinazobaki ni tarakimu 8, yaani namba milioni 100 tu zinazowezekana, na kompyuta ya kawaida huzipitisha zote katika hesabu hiyo kwa muda mfupi, ikalinganisha majibu, na namba iliyofichwa ikajulikana. Wasimamizi wa faragha wa Umoja wa Ulaya walikwisha kueleza mwaka 2014 kwamba kutumia heshi ni kumpa mtu jina la bandia, wala si kumfanya asitambulike.

Suluhu ipo, tena si ya muujiza: taarifa ya mtu na ikae nje ya daftari, katika hazina inayoweza kufutwa, na ndani ya daftari iingie alama tu, iliyochanganywa na siri ndefu isiyobahatishika, ambayo ikiteketezwa pamoja na taarifa yenyewe alama hiyo hubaki haimwelekezi yeyote. CNIL, mamlaka ya faragha ya Ufaransa, ilielekeza huko tangu 2018, na Bodi ya Ulaya ya Ulinzi wa Data ikatamka waziwazi Aprili 2025 kwamba kutowezekana kiufundi si udhuru wa kukiuka sheria. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, na Tanzania ya mwaka 2022. Zote mbili zinatambua kusahihishwa na kufutwa kwa taarifa, na sioni sababu ya sisi kuwa wepesi wa kusamehe kuliko Wazungu.

Kwa hiyo ofisi yoyote ya umma inayoletewa mpango wa kuandika hati za ardhi, vyeti vya kuzaliwa au kumbukumbu za hospitali katika blokucheni isitie saini kabla ya kuonyeshwa, kwa vitendo, jina la majaribio likiingizwa kwa makosa, likisahihishwa, na kisha likiondolewa lisipatikane tena popote. Na muuzaji asiyeweza kulionyesha hilo aondoke na bidhaa yake.