Kreti Moja, Bei Mbili

KIKAPU CHA JUMAMOSI
Na Mama Keza

Jumanne jioni niliingia supamaketi moja ya Remera kununua nyanya. Miguu ilikataa kufika Kimironko, na ninyi wasomaji wa safu hii mnajua dada yangu wa nyanya pale sokoni hanisamehe nikimpita. Laiti ningejikaza nikaenda.

Kijana wa duka alikuwa amechuchumaa mbele ya rafu, kreti ya nyanya pembeni yake. Nusu alizimimina kwenye kapu la kujichagulia: faranga 1,200 kwa kilo. Nusu nyingine alizipanga kwenye vijiboksi vya karatasi, kisha akawa anabandua stika kutoka kwenye rola na kubandika moja moja. Jani la kijani, na chini yake maneno “asilia, rafiki wa mazingira”. Hizo, kilo ni faranga 2,500.

“Mwanangu,” nikamuuliza, “hizi na zile zimetoka mashamba tofauti?”

“Hapana mama, kreti ni moja.”

“Na hilo jani?”

“Rola kaileta bosi.”

Hakunificha kitu. Kwake stika ni stika, kama ile ya bei.

Sijajibu, baba mmoja kijana aliyembeba mtoto begani akanyoosha mkono na kuchukua vijiboksi viwili. Hakuzibonyeza nyanya, hakuzinusa, hakuzigeuza. Jani lilimtosha. Nikamweleza nilichoambiwa sasa hivi. Akanitazama kama vile mimi ndiye ninayemdanganya. “Mama, afadhali niongeze kidogo. Anayekula ni mtoto.” Akaenda kwa keshia.

Maneno hayo yameninyima usingizi. Baba yule ameongeza faranga 1,300 kwa kilo kwa ajili ya mwanawe. Katika pesa hizo mkulima hakuona hata sarafu, na shambani halikupungua hata tone moja la dawa. Nasema bila kuzunguka: huo ni wizi, na mwizi huyu anaiba kupitia mapenzi ya mzazi.

Si kila alama ni ya uongo. Upande wa mama yangu ni watu wa Huye, kwa hiyo habari za kahawa ya Maraba, ya hukohuko, nimezisikia jikoni. Ushirika wa Abahuzamugambi ulianza mwaka 1999, na miaka michache baadaye kahawa yake ilikuwa madukani Uingereza ikiwa na alama ya Fairtrade. Alama hiyo ina wajibu nyuma yake. Wakaguzi huja, hufungua vitabu vya ushirika, huwahoji wanachama. Kahawa ikiuzwa kwa masharti hayo, ushirika huongezewa senti 20 za dola kwa kila ratili, na wanachama wenyewe huamua zifanye nini. Mnunuzi wa London anapolipa zaidi, kuna mtu aliyepanda kilima kuhakikisha.

Kahawa hiyo tunailima sisi. Alama iliyokaguliwa inasafiri pamoja nayo, na sisi tunaobaki tunabandikiwa jani kutoka kwenye rola.

Wala tusiambiwe kwamba hatuna alama yetu. Mwaka 2007, mwaka uleule Rwanda ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, kanda hii ilipata kiwango kimoja cha mazao yanayolimwa bila mbolea wala dawa za viwandani. Alama yake ikapewa jina la Kiswahili: Kilimohai. Mkulima mdogo asiye na pesa za kumwita mkaguzi wa kigeni anaweza kukaguliwa na kikundi cha wakulima wenzake, wakipita shamba kwa shamba. Utaratibu huo naupenda kwa sababu mkulima hawezi kumficha jirani bomba la dawa.

Wiki hii nimewauliza majirani zangu watano kama wanaijua Kilimohai. Hakuna hata mmoja. Jani la kijani wanalijua wote watano, na watatu wamewahi kulilipia.

Haya yanawezekana kwa sababu hakuna anayeuliza. Ulaya wameanza kuuliza: mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayomkataza mfanyabiashara kuandika “rafiki wa mazingira” kwenye bidhaa bila ushahidi. Na sisi si wageni wa ukali wa namna hiyo. Mwaka 2008 nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na mgeni akishuka uwanja wa ndege na mfuko wake, anauacha palepale. Tulioweza kuuzuia mfuko mpakani, tunashindwaje na rola ya stika? Wanaosimamia viwango waingie kwenye rafu hizi, na jani lisilo na jina la mkaguzi libanduliwe.

Alhamisi nilirudi Kimironko. Dada yangu alininunia kidogo, kisha akanipimia. Nikamuuliza habari ya dawa. Akaniambia zimepigwa, akanitajia wiki, akanisisitizia nizioshe vizuri. Kwenye meza yake hapakuwa na stika hata moja, na ndiye ninayemwamini.

Wewe msomaji, ukishika boksi lenye jani, uliza kwa sauti ya kufika mpaka kwa keshia: shamba hili limekaguliwa na nani? Ukikosa jina, rudisha boksi kwenye rafu.