Neno la Mhariri: Haki ya Mukami

Msafiri atokaye mjini Nairobi kwa Barabara ya Jogoo, akiipita mitaa ya Mbotela na Ofafa, huyataja pasipo kukusudia majina ya wanaume wawili, Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa zama za Hali ya Hatari, na serikali ya kikoloni ya wakati ule ikaona yafaa wakumbukwe kwa nyumba za watu. Akiendelea mashariki hata Komarock atafika mtaa alioishi Mukami Kimathi katika uzee wake. Na hapo, aghalabu, msafiri wetu hakumbuki neno.

Twamwita mjane wa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, na kwa taadhima hiyo hiyo twamdhulumu. Kwani Mukami alikula kiapo, akawahudumia wapiganaji wa msituni, akatiwa kizuizini, na hayo yote aliyatenda mumewe akiwa hai. Tarehe 17 Februari 1957, siku moja kabla ya kunyongwa katika gereza la Kamiti, Kimathi alimwandikia Padri Marino wa misheni ya Nyeri, akiomba mwanawe asomeshwe, na mkewe, aliyekuwa naye amezuiliwa Kamiti, aliwazwe na watawa, maana alikuwa mpweke. Barua hiyo imesomwa miaka mingi kwa ajili ya mume. Laiti ingesomwa pia kwa ajili ya mke, tungeona kuwa adhabu ya dola iliwashukia wote wawili mahali pamoja, ila mmoja alizikwa na mwenziwe akaachwa aishi na matokeo yake.

Na matokeo hayo hayakuwa mepesi. Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini Mau Mau iliendelea kuwa chama haramu kisheria hata mwaka 2003, ndiyo kusema kwamba kwa miaka arubaini ya bendera yetu wenyewe Mukami alilea watoto wa mtu ambaye barabara ilipewa jina lake ilhali jeshi lake limepigwa marufuku. (Ajabu hiyo sisi tuliizoea upesi mno.) Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa mwaka 2007. Yeye alichokuwa akidai, serikali moja baada ya nyingine, ni mifupa ya mumewe apate kuizika. Alifariki Mei 2023, akazikwa Njabini mbele ya Rais na wakubwa wa nchi, na mifupa ile haijapatikana.

Toleo hili, basi, limetengwa kwa ajili ya wanawake wa aina yake waliokuwa hapa hapa Eastlands. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yalipouzingira mji na kuwakusanya wanaume kwa maelfu, wakachujwa Lang'ata na wengi wao kupelekwa Mackinnon Road na Manyani, wanawake na watoto nao walirudishwa mashambani kwa maelfu, kibanda na biashara vikabaki nyuma. Habari za wale wanaume zimeandikwa, japo si kwa ukamilifu. Za wanawake zimo vinywani mwa mabibi, na mabibi wanatutoka.

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wa Bahati, Ziwani, Kaloleni, Makongeni na Pumwani: mwenye bibi aliyeyaona hayo na amkalie kitako, amsikilize, aandike kwa jina lake yeye bibi, kisha atuletee. Kurasa zipo.