Jahazi Tusilolijua

Haipiti wiki kabla jahazi moja halijazama katika mashairi yetu. Mara ni jahazi la ndoa, mara ni la taifa, mara ni la maisha ya mja aliyeonewa. Lina nahodha, lina dhoruba, lina mawimbi, na aghalabu lina bandari ya salama katika ubeti wa mwisho. Sina ugomvi na jahazi. Ugomvi wangu ni kwamba jahazi hilo halina mkuku, halina foromali, halina farumi. Halina hata upande unakotoka upepo. Ni jahazi la karatasi, na ndiyo maana huzama kwa urahisi namna hiyo.

Hoja yangu ni hii: mshairi wa Kiswahili ana deni kwa miji ya bandari ambako vyombo viliundwa. Deni hilo halilipwi kwa kupunga upepo ufukweni na kurudi na picha za machweo. Hulipwa kwa kuketi na mafundi na mabaharia, na kuwauliza vitu vyao vyaitwaje, ilhali wangalipo wa kujibu. Nautoa mfano wa mji ulio nje ya mipaka yetu lakini usio nje ya historia ya lugha yetu, nao ni Sur wa Oman, niliouzuru nikiwa mgeni wa jamaa wanaoishi Maskati.

Sur uko pwani ya mashariki ya Oman, mwendo wa kilomita zipatazo 200 kutoka Maskati. Fukwe zake ni za mchanga, na mbele yake kidogo, upande wa Ras al-Jinz, kasa hupanda usiku kutaga mayai. Wageni wengi huenda kwa ajili hiyo, na sistaajabu. Lakini kiini cha mji ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, wenye maji ya utulivu, ambao ng'ambo yake uko mtaa wa al-Ayjah. Waomani huuita mkono huo khor. Sisi husema hori. Sikuhitaji mkalimani kuelewa kwamba nimesimama mahali ambapo sehemu ya msamiati wetu ilipitia.

Kando ya hori hiyo viliundwa vyombo vikubwa vya safari za mbali. Mbao za msaji zililetwa kutoka Bara Hindi. Mafundi hawakuwa na michoro. Walipima kwa jicho na kwa kamba. Walilaza mkuku, wakapandisha mbao za ubavuni, ndipo wakatia mataruma ndani, kinyume na anavyodhani mtu ambaye hujenga nyumba. Pepo za kaskazi zilipoanza, vyombo vya Sur viliteremka kuja kwetu na tende, chumvi na papa mkavu; kusi iliporejea, vilipanda na boriti, nazi na karafuu. Ibn Battuta, baada ya kuzizuru Mombasa na Kilwa katika karne ya 14, alifika Sur, na kutoka hapo akaenda kwa miguu hadi Qalhat, mji ambao magofu yake yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Njia hii, basi, si ya jana.

Leo limesimama hapo jahazi moja liitwalo Fatah al-Khair, la aina ya ghanja. Liliundwa Sur mwaka 1951, likasafiri miaka mingi, likauzwa, na hatimaye likawa Yemen. Mwaka 1993 watu wa Sur walilirudisha nyumbani kwa michango yao. Urefu wake unapita mita 20, na tezi yake ina nakshi zinazomfanya mtu asimame kimya. Nililizunguka mara mbili. Linatunzwa vizuri, nami nawapongeza waliolitunza. Hata hivyo liko nchi kavu. Haliyumbi, halitoki jasho la deheni, wala hakuna anayepiga kelele tanga litwekwe. Umbo limehifadhiwa. Je, na maneno?

Jibu nililipata karibu na hapo, katika karakana inayotengeneza mifano midogo ya majahazi ya kuuzwa kwa wageni. Nilimkuta mzee aliyepita umri wa miaka 80, ambaye alipokuwa kijana alisafiri hadi Mombasa na Unguja. Aliposikia natokea wapi, alikiacha Kiarabu akaingia Kiswahili, Kiswahili cha Unguja ya zamani, bila ya kusita. Nikanyoosha kidole kwenye kamba ya pembe ya tanga.

"Mzee wangu, hii mkiiitaje?"

"Hiyo demani," akasema. "Ukiilegeza, tanga lapepea. Ukiivuta, chombo chashika njia. Kwani nyinyi huko hamuijui tena, mwalimu?"

Nikamwambia kwamba wengi wetu twaijua demani kama jina la majira, na wengine hawaijui kabisa. Akacheka. Kisha akamgeukia kijana wa ukoo wake aliyekuwa akipiga randa, akamwuliza kwa Kiarabu jina la kamba ile ile. Kijana akasema ni kamba. Mzee akanitazama kama anayeniambia: umeona?

Nimeona. Na nilichokiona hakiwahusu Wasuri peke yao. Huko kwao boti za faiba zimejaa ufukweni, na huku kwetu ni vivyo hivyo. Matondoni kisiwani Lamu na Nungwi kisiwani Unguja bado tezo yasikika, lakini sivyo kama zamani. Fundi anayestaafu bila mwanagenzi haondoki na ufundi wake tu; anaondoka na majina ya vitu, ya vitendo, ya kasoro na ya dawa za kasoro.

Watauliza baadhi ya wasomaji: kwani kuna hasara gani? Lugha ni mti, majani makavu hudondoka na mengine huchipua. Mshairi wa Dodoma au Nakuru ana shughuli gani na kamba ya tanga? Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini naomba tuangalie kile ambacho mshairi huyo wa bara anakisema kila siku bila ya kujua. Serikali inapounda tume, bunge linapounda kamati, linatumia kitenzi ambacho kwa wazee wa pwani kilikuwa kwanza cha seremala wa jahazi. Twasema vyombo vya habari na vyombo vya dola, na chombo, kwa baharia, hakihitaji maelezo: ni kile kinachoelea. Rubani wetu wa ndege alianza kazi yake majini, akiongoza merikebu isipande mwamba. Mambo yanapoharibika twasema yamekwenda mrama, na wengi hudhani mrama ni jina jingine la upotevu. La. Mrama ni kule kuyumba kwa chombo, ubavu huu na ubavu huu, ndiyo sababu wahenga wakasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hawakusema chombo kitapotea njia. Walisema hakitatulia. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mwenye kutaka kuandika juu ya uongozi.

Hapa ndipo mshairi anapopoteza mali. Ajuaye kuwa chombo kinachokwenda dhidi ya upepo hakiendi moja kwa moja, bali hupiga bisha, kikikata huku na kukata kule ili kisogee mbele kidogo kidogo, ana sitiari ya subira na hila ambayo neno "dhoruba" halitampa kamwe. Ajuaye farumi, ule uzito unaotiwa chini ili chombo kisipinduke kikiwa kitupu, anaweza kueleza kwa neno moja kwa nini mtu asiye na dhiki wala dhima huyumba kuliko aliyebeba mzigo. Ajuaye upande wa joshi na upande wa demani anajua kwamba katika chombo kimoja, kwa upepo mmoja, yuko anayepigwa uso na yuko aliyejikinga. Hizo ni tungo tatu ambazo hazijaandikwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliishi katika mji ambao maneno ya bahari yalikuwa yakitumika gatini kila siku, na msikilizaji wake alimwelewa bila ya tanbihi. Sisi tumerithi picha zake, tukayaacha maneno.

Wengine watasema maneno hayo yamo kamusini, hivyo yako salama. Ni kweli yamo. Krapf aliyakusanya mengi katika kamusi iliyochapwa mwaka 1882, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 imejaa msamiati wa vyombo. Lakini neno lililomo kamusini tu ni kama Fatah al-Khair nchi kavu: umbo lake lipo, bali halina maji chini yake. Neno huhitaji kinywa, na kinywa huhitaji sababu ya kulitaja. Mshairi ndiye anayeweza kulipa neno sababu hiyo hata baada ya kamba yenyewe kuoza.

Na kuna jambo jingine ambalo ziara ya Sur humlazimisha mtu mkweli kulisema. Tunapenda kuliimba jahazi kama daraja la undugu, lililotuletea tende na dini na lahaja. Lilikuwa hivyo. Lilikuwa pia kiti cha mateso. Ngamani mwa vyombo hivyo hivyo walisafirishwa watu wetu waliouzwa, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi mwaka 1873. Hata baadaye vyombo vya Sur vilipeperusha bendera ya Ufaransa, na baadhi yao walifanya hivyo ili kukwepa upekuzi wa manowari za Uingereza. Mgogoro huo ulifika mbele ya wasuluhishi wa The Hague, ambao walitoa uamuzi mwaka 1905. Mshairi anayesema "jahazi" bila ya kujua ngama ni wapi anaweza kuimba undugu mchana kutwa na asiguse maumivu. Anayeijua ngama hawezi. Neno mahususi humnyima mtunzi nafasi ya kujificha.

Sikurudi kutoka Sur na huzuni tupu. Mwaka 1980, katika mji huo huo, liliundwa jahazi liitwalo Sohar bila ya msumari hata mmoja, mbao zake zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kama ulivyoshonwa mtepe wa Lamu na visiwa jirani. Liliongozwa na Tim Severin kutoka Maskati hadi Guangzhou nchini China, likafika mwaka 1981. Ufundi uliodhaniwa umezikwa ulifufuka kwa kuwa walipatikana watu ambao mikono yao ilikuwa bado inakumbuka. Laiti wangetafutwa baada ya miaka 50, ingebaki michoro tu.

Basi ninalopendekeza ni dogo na linawezekana. Kila mshairi anayeishi mwendo wa siku moja kutoka mahali panapoundwa au kutengenezwa vyombo, na aende mara moja kwa mwaka. Asiende na shairi lililokwisha. Aende na daftari tupu. Aulize jina la kila kifaa, kila kamba, kila ubao, na kitenzi kinachokwenda nacho, kwa kuwa jina bila kitenzi ni nusu ya neno. Aulize fundi anasemaje anapokalafati, anapopaka sifa, anapoona ubao umepinda. Akirudi, atunge walau ubeti mmoja ambao ndani yake neno moja kati ya hayo linafanya kazi, si pambo. Na walimu walio bado madarasani, ambao mwaka hadi mwaka hufundisha sitiari ya jahazi kutoka vitabuni, wamwalike baharia mstaafu kwa kipindi kimoja. Katika miaka yangu ya kufundisha, somo lililowakaa wanafunzi lilikuwa lile walilolishika kwa mikono.

Nami, ili nisiwe mwenye kuagiza bila ya kutenda, natoa ubeti huu. Atakayependa anijibu kwa bahari hii hii:

Tezo i juu rafuni, makali yashika kutu,
Mkuku u mchangani, na hautajwi na mtu,
Joshi pamwe na demani, zatoka vinywani mwetu,
Tushukeni bandarini, tukaulize wa kwetu.

Wa kwetu hao si wa Lamu na Unguja tu. Mmoja wao yuko Sur, karibu na hori, na Kiswahili chake kingali kinaelea. Mwenye nafasi na awahi.